Saa za Ubaridi: Gesi, Umeme na Dawa katika Safari ya Tabora hadi Ng'ambo ya Mpaka

Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilikuwa na neno maalumu kwa sehemu ngumu ya safari: tirikeza. Pale ambapo maji yalikuwa mbali mno, wapagazi walijaza vibuyu, wakaondoka mchana badala ya alfajiri, wakalala njiani pasipo maji, na kuyafikia asubuhi iliyofuata. Ndivyo lilivyovukwa pori la Mgunda Mkali, kati ya Ugogo na Unyanyembe. Aliyeongoza msafara alipaswa kujua umbali wa njia, na pia muda ambao maji ya vibuyu yangetosha.

Hesabu ya namna hiyo ingali inahitajika. Gari la huduma ya mkoba linapotoka Tabora kupitia Urambo, Kaliua na Uvinza hadi Kigoma, hubeba chanjo ambazo haziwezi kuvumilia jua la Septemba na Oktoba. Vivyo hivyo familia inayosafiri kwa gari lenye vitanda na jiko la gesi, ikielekea Burundi au Kongo, huenda ina mtu anayetumia insulini. Wote wanategemea mtungi wa gesi, betri na jokofu dogo. Somo hili linaeleza jinsi ya kuvitunza vitu hivyo ili dawa ifike ikiwa na nguvu yake na abiria wafike wakiwa hai.

Dawa ikipotea njiani

Historia ya njia hii ina fundisho kuhusu dawa. Mwezi Januari 1867, katika nchi ambayo leo ni Zambia, David Livingstone alipoteza sanduku lake la dawa lililotoroshwa pamoja na mizigo mingine. Miaka iliyofuata aliugua mara kwa mara bila tiba ya kutosha, hadi Henry Morton Stanley alipomfikia Ujiji mwaka 1871. Mwaka 1872 wote wawili walikaa Kwihara, karibu na Tabora, na Livingstone alibaki hapo akingoja wapagazi hadi mwezi Agosti.

Sanduku lile lilipotea waziwazi, na mwenyewe alijua. Dawa ya leo iliyoharibiwa na joto au barafu hubaki mkononi katika chupa yake, na lebo haibadiliki. Mtoto huchomwa chanjo isiyomkinga, na mgonjwa wa kisukari hujichoma insulini isiyoshusha sukari. Kwa sababu hiyo ulinzi wa dawa hufanywa kabla ya safari, kwa hesabu.

Umeme: hesabu ya betri

Umeme wa nyumbani Tanzania ni wa volti 230; ule wa gari dogo ni wa volti 12, na wa malori mengi ni wa volti 24. Jokofu la safari linalotumia kompresa hufanya kazi kwa umeme wa betri moja kwa moja, bila inveta, na hivyo hupoteza nguvu kidogo.

Mfano wa hesabu ni huu. Betri ya volti 12 yenye ukubwa wa ampea-saa 100 hubeba wati-saa 1,200. Betri ya asidi haifai kutumiwa zaidi ya nusu ya uwezo wake, kwa kuwa kuimaliza huiua mapema. Zinabaki wati-saa 600. Jokofu la wati 45 linalofanya kazi nusu ya kila saa hutumia wastani wa wati 22.5, betri hiyo italiendesha kwa saa 26 hivi. Lakini gari likiegeshwa juani, jokofu linaweza kufanya kazi bila kupumzika, na muda huo hushuka hadi saa 13. Joto peke yake limekula nusu ya akiba.

Kutokana na hesabu hiyo hufuata mambo manne. Betri ya jokofu itenganishwe na ile ya kuwashia injini, ili gari lisikwame porini. Gari liegeshwe kivulini. Jokofu lifunguliwe mara chache na kwa muda mfupi. Na dawa ziingizwe zikiwa tayari na ubaridi, kwa maana kupoza kitu cha moto hula umeme mwingi kuliko kutunza kilichokwisha kupoa.

Anayevuka mpaka ajue pia kwamba plagi hubadilika. Soketi za Tanzania ni za pini tatu bapa, ilhali Burundi na sehemu kubwa ya Kongo hutumia pini za mviringo. Adapta ya bei ndogo iliyosahaulika nyumbani inaweza kulifanya jokofu lizime katika nyumba ya wageni yenye umeme wa uhakika.

Gesi: moto unaoleta baridi

Jokofu la gesi lilibuniwa mwaka 1922 na wanafunzi wawili wa Sweden, Baltzar von Platen na Carl Munters. Halina kompresa. Moto mdogo huchemsha mchanganyiko wa amonia na maji. Amonia hupanda ikiwa mvuke, hupoa na kuwa kimiminika, kisha hufyonza joto la ndani ya jokofu inapogeuka tena kuwa mvuke. Kwa kuwa mzunguko huo hutegemea kimiminika kushuka kwa uzito wake, jokofu hili ni lazima lisimame sawasawa. Gari likiegeshwa kwenye mteremko, baridi hupungua hata kama moto unawaka.

Kasoro yake nyingine ni udhibiti hafifu wa joto: mchana huenda likashindwa kupoza, na usiku wa kipupwe likagandisha. Ndiyo maana katika huduma za chanjo majokofu ya gesi na ya mafuta ya taa yamekuwa yakiachia nafasi majokofu ya nguvu ya jua.

Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja huzama na kujikusanya sakafuni, ikingoja cheche. Kwa hiyo mtungi usimamishwe wima, ufungwe imara, uwe mahali penye tundu la hewa upande wa chini, na valvu yake ifungwe kila gari linapoanza mwendo na kabla ya kuingia kituo cha mafuta. Viungo vya mpira na regulata vipimwe kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti. Aidha, mtungi wa nchi moja mara nyingi haubadilishwi katika nchi nyingine, na kichwa chake huenda kisilingane na regulata ya huko. Msafiri avuke mpaka akiwa na gesi ya kumtosha, na aulize mapema masharti ya chombo cha majini iwapo atavuka Ziwa Tanganyika.

Hatari isiyo na harufu

Jiko la gesi, jokofu la gesi, jenereta na jiko la mkaa vinaweza kutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Hewa hiyo hushikamana na himoglobini kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Katika gari lililofungwa vioo kwa sababu ya mbu au baridi, inaweza kuwaua waliolala bila kuamka.

Dalili za mwanzo ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu. Katika mkoa wenye malaria, ni rahisi kuzidhania malaria. Mhudumu wa afya aulize maswali matatu: je, wameugua watu kadhaa kwa wakati mmoja? Je, walilala karibu na moto au jenereta? Je, hupata nafuu wakitoka nje? Majibu yakiwa ni ndiyo, na homa haipo, afikirie sumu hii hata kama anaendelea na kipimo cha malaria.

Kipima oksijeni cha kidoleni kisiaminiwe hapa. Kifaa cha kawaida hakiwezi kutofautisha himoglobini yenye oksijeni na ile iliyotekwa na kaboni monoksidi, na kinaweza kuonyesha asilimia 98 kwa mgonjwa mahututi. Tiba ni kumtoa nje mara moja na kumpa oksijeni kwa kiwango cha juu kwa barakoa, bila kungoja kipimo. Mjamzito apewe rufaa hata akionekana amepona, kwa kuwa mtoto aliye tumboni hudhurika zaidi na huchelewa kuondokewa na sumu.

Kanuni ni fupi: asilale mtu yeyote ndani ya gari lenye moto unaowaka.

Chanjo: joto na barafu

Chanjo nyingi hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Wengi huogopa joto na kusahau barafu. Chanjo za pepopunda, homa ya ini B, penta na ile ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi huharibika zikiganda. Pakiti za barafu zilizotoka kwenye friza zisigusane nazo. Ziachwe nje mpaka maji yasikike yakitikisika ndani, au zitumike pakiti za maji baridi.

Alama ya duara na mraba iliyo kwenye chupa huonyesha joto. Mraba wa ndani ukiwa na rangi sawa na duara au nyeusi zaidi, chupa itupwe. Alama hiyo haionyeshi mgando. Chupa iliyokutwa imeganda hutupwa. Ile inayoshukiwa tu hulinganishwa, kwa jaribio la kutikisa, na nyingine ya toleo hilohilo iliyogandishwa makusudi na kuyeyushwa. Ikiwa mashapo ya chupa inayoshukiwa hushuka kwa kasi sawa na ya chupa ile au zaidi, isitumike.

Insulini: mtungi wa pili

Insulini ambayo haijafunguliwa hutunzwa pia kati ya nyuzi 2 na 8. Inayotumika huweza kukaa nje ya jokofu kwa takriban wiki nne ikiwa joto halizidi nyuzi 25 hadi 30, kulingana na maelezo ya mtengenezaji. Iliyoganda haifai hata ikiyeyuka.

Umeme ukikatika na gesi ikiisha, kuna mtungi mwingine ambao Tabora inaujua tangu zamani: mtungi wa udongo. Maji yanayopenya na kukauka juu yake huondoa joto, na hewa kavu ya kiangazi huongeza nguvu hiyo. Insulini ifungwe kwenye mfuko usiopitisha maji, iwekwe ndani ya chungu kilichoingizwa katika chungu kikubwa zaidi, na mchanga uliolowa katikati yake, kivulini penye upepo. Njia hii haifikishi nyuzi 8, lakini huilinda na joto kali.

Mgonjwa asiache kamwe insulini juu ya dashibodi wala katika mizigo ya juu ya basi. Abebe akiba katika mkoba wa mkononi, pamoja na kipimo cha sukari na barua ya daktari ya kuonyesha mpakani. Akishuku kwamba dawa imeharibika, asiache kujichoma kwa hofu. Apime sukari mara kwa mara na kutafuta dawa mpya katika kituo cha karibu. Kiu kali, kukojoa sana, kutapika na kupumua kwa kina ni dalili za kwenda hospitali saa hiyohiyo.

Kabla ya kuondoka

Yaandikwe kwenye karatasi mambo matatu: betri itatosha saa ngapi juani, kituo kinachofuata chenye jokofu la uhakika kiko umbali wa saa ngapi, na kitatumika nini chombo cha kwanza kikishindwa. Ikiwa saa za njia zinazidi saa za ubaridi, safari igawanywe, au dawa zipunguzwe na kuchukuliwa mbele. Kipimajoto kisomwe asubuhi na jioni, na namba iandikwe. Wapagazi wa Mgunda Mkali walijaza vibuyu kabla ya kuliona pori, na gari la leo lijazwe ubaridi wake likiwa bado Tabora.