Kisukari cha Ukoo: Waulizwe na wa Upande wa Baba

Kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao wa Mtwara, desturi ya kale huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye sauti. Kisukari hakifuati desturi hiyo. Mtoto hupokea nusu ya vinasaba kwa mama na nusu kwa baba, hivyo familia ya Mikindani au Msimbati inayotaka kujua kama ugonjwa huo umo katika damu yake haina budi kuwauliza mashangazi kama inavyowauliza wajomba.

Mazungumzo hayo ndiyo mwanzo wa ushauri nasaha wa vinasaba. Mshauri huchora vizazi vitatu kwenye karatasi: mraba kwa mwanamume, duara kwa mwanamke, na wino hujazwa ndani kwa kila aliyeugua. Pembeni huandikwa umri aliogundulika nao na dawa anayotumia. Babu aliyekatwa mguu, shangazi aliyepofuka, binamu aliyeanza sindano akiwa darasa la sita, wote huingia.

Aina ya pili ya kisukari, inayowapata wengi, huchangiwa na vinasaba vingi pamoja na unene, ulaji na kukaa bila kutoa jasho. Mtoto wa mgonjwa yuko hatarini zaidi, lakini anaweza kuipunguza hatari hiyo.

Ipo aina adimu inayotokana na hitilafu ya jeni moja tu. Mwaka 1974 daktari Mwingereza Robert Tattersall alieleza familia ambazo kisukari kilianza ujanani na kupita kutoka kizazi hadi kizazi. Kila mtoto wa mzazi mwenye hitilafu hiyo ana nafasi moja kati ya mbili ya kuirithi, awe wa kiume au wa kike, na hesabu huanza upya kwa kila mimba. Mama asilaumiwe, wala baba. Hakuna aliyechagua jeni zake.

Kuijua aina kunaweza kubadili matibabu kabisa. Mwaka 2004 timu ya Andrew Hattersley wa Exeter, Uingereza, iligundua hitilafu ya jeni ya KCNJ11 kwa baadhi ya watoto waliougua kabla ya kufikisha miezi 6. Miaka miwili baadaye ilionekana kuwa wengi wao wanaweza kuacha sindano na kutumia vidonge vya glibenklamidi, dawa ya siku nyingi. Ila mzazi asimwachishe mtoto insulini kwa kukisia: kufanya hivyo kunaweza kumuua.

Anayeshuku kisukari cha jeni moja amweleze daktari wa Hospitali ya Ligula mjini Mtwara, au wa Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, na aulize kama sampuli ya damu inaweza kupelekwa kwenye maabara ya vinasaba. Aende na majina ya ndugu waliougua, umri walioanzia na maboksi ya dawa zao. Ndugu mzima asiyetaka kupimwa asilazimishwe.