Chini ya Nailoni Hakuna Mvua: Niliyojifunza Kuhusu pH

Nalima nyanya na pilipili hoho kwenye kitalu nyumba upande wa Meru, kwa maji ya kisima kirefu. Haya mengine nimeyapata kwa bwana shamba, mengi kwa nyanya zenyewe.

1. Ushauri wa shamba la wazi usiuingize kitaluni bila kupima. Huko nje mvua huosha kalsiamu na magnesiamu, udongo ukachachuka taratibu, ndiyo maana kila kona utasikia "mwaga chokaa." Ndani ya kitalu hakuna mvua, kinacholetwa na mipira ya matone kinabaki humo. Visima vingi vya ukanda huu wa volkano vina sodiamu na bikaboneti nyingi, na mara nyingi ndivyo vyenye floraidi inayotia meno ukahawia. Maji hayo hupandisha pH msimu hata msimu. Nyanya hustawi kati ya 6.0 na 6.8. Ikipita 7.5, chuma kimo udongoni lakini mizizi haikipati: majani machanga hugeuka njano, mishipa ikabaki kijani. Hapo chokaa ni kuzidisha ugonjwa.

2. Kile kipimo cha bei rahisi cha kuchomeka ardhini, kisicho na betri, mimi sikiamini. Mwagilia kidogo tu, namba inahama. Nunua chenye ncha ya kioo, ukirekebishe kwa vimiminika vya pH 4 na pH 7 kabla ya kazi. Ncha isikauke, wala isilazwe kwenye maji matupu. Ihifadhi katika kloridi ya potasiamu.

3. Udongo ulio chini ya tone na ule ulio kati ya matone si mmoja. Chota sehemu nyingi za tuta, kina cha sentimita 20, changanya kwenye ndoo ya plastiki, kausha kivulini, chekecha. Gramu 20 za udongo, mililita 50 za maji safi yasiyo na madini, yale ya kuongezea betri yanafaa (maji, jamani, si asidi yake!). Koroga, acha nusu saa, koroga tena, soma.

4. Kushuka kutoka 6 hadi 5 ni tindikali kuongezeka mara kumi. Na ukipeleka sampuli maabara, uliza wamepimia maji au kloridi ya kalsiamu, maana ya pili kwa kawaida husoma chini zaidi.

5. Pima maji pia, tena usiishie kwenye pH yake. Omba kiwango cha bikaboneti, kwa kuwa hicho ndicho kinachoupindua udongo. Wakulima wakubwa wa maua hutia asidi ya nitriki au ya fosforiki kwenye tangi, na asidi humiminwa ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya asidi. Sisi wa mfuko mdogo tuna mbolea ya SA: bakteria wakigeuza amonia yake kuwa nitreti, tindikali huzaliwa. Ila ninachokipenda zaidi ni mfereji wa kukinga mvua ya paa. Kitalu cha mita 8 kwa 15, mvua ikinyesha milimita 20, kinamwaga takriban lita 2,400 za maji yasiyo na bikaboneti ya kutisha, bure.