Kufundisha Uchunguzi wa Diski kwa Rejista na Madawati

Somo la kutambua hitilafu za kompyuta huwashinda walimu wengi si kwa ugumu wake, bali kwa kuanzia pasipostahili. Wanafunzi huonyeshwa kitufe cha kubonyeza kabla hawajajua kinachochunguzwa. Tena hatuna mapokeo marefu ya kuiga: mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini bila kibali, na walimu wengi wa miaka ile walimaliza vyuo bila kuigusa.

Tumfikirie mwalimu aliyepangiwa Kintinku, Wilaya ya Manyoni, kando ya Reli ya Kati. Nyumbani ana kompyuta yenye alama za darasa zima. Umeme ukakatika ghafla. Alipoiwasha tena, kompyuta ikaanza kuichunguza diski, na kesho yake ikafanya vivyo hivyo. Akijaribu kusakinisha programu mpya, kazi inakwama katikati. Aghalabu mtu huilaumu programu. Sisi twaona kwamba matatizo hayo mawili yaweza kuwa na chanzo kimoja, nacho kimo katika diski.

Darasa lenyewe latosha kuwa kielelezo. Wanafunzi ni faili, madawati ni nafasi za diski, na rejista ni orodha inayoiambia kompyuta kila faili liko wapi. Mwalimu afute majina mawili katika rejista, awahamishe wanafunzi watatu bila kuandika, kisha kundi moja lilinganishe rejista na madawati. Hiyo ndiyo kazi ya amri iitwayo chkdsk katika Windows. Ikiandikwa peke yake, hulinganisha na kutoa taarifa tu. Ikiongezewa /f, husahihisha rejista. Ikiongezewa /r, hukagua pia dawati moja moja, na lililovunjika hutiwa alama asikae mtu. Kazi hii huweza kuchukua saa nyingi.

Hapa mfano wetu una upungufu, nao hauna budi kusemwa darasani. Mwanafunzi aliyeachwa nje ya rejista atasimama na kusema yupo, faili halisemi. Vipande vilivyookolewa wakati wa marekebisho huwekwa katika folda iitwayo found.000, na pengine havisomeki tena. Aidha, diski inayokaribia kufa huweza kumalizwa na ukaguzi mrefu. Kwa hiyo mwalimu wetu wa Kintinku anakili kwanza alama zote kwenye fleshi, ndipo aandike /r. Walimu wanafunzi huiona hatua hii kuwa ya kupoteza wakati. Sisi hatukubali irukwe hata katika majaribio.

Baada ya hapo ndipo tufikie usakinishaji. Mwanafunzi mgeni huhitaji nafasi ya kukaa, barua ya uhamisho iliyokamilika na kibali cha mwalimu mkuu. Programu nayo huhitaji nafasi katika diski, faili la usakinishaji lililopakuliwa lote, na ruhusa ya msimamizi wa kompyuta. Mtandao ukikatika katikati, faili hubaki nusu, na nusu haisakiniki. Liko pia suala la umri wa mashine: Windows 11 hudai walau gigabaiti 64 za hifadhi na 4 za kumbukumbu, wala haina toleo la biti 32. Ujumbe wa kosa uandikwe daftarini neno kwa neno kabla ya kufungwa, na kibadilishwe kitu kimoja tu kila mara. Vikibadilishwa vitatu kwa pamoja, hakuna ajuaye kilichoponya.

Kwa zoezi, wanafunzi wapewe taarifa hii: diski imesahihishwa jana, leo kompyuta imezimwa ipasavyo, na bado makosa mapya yametokea. Waandike wangekagua nini kwanza, kebo au diski yenyewe, na kwa nini.