Dondoo muhimu: Anza na tuta moja karibu na jiko

Anayeanza bustani ya mboga Karagwe asikimbilie eneo kubwa. Tuta moja la mita 1 kwa 3 karibu na jiko linatosha. Udongo wa Karagwe, kwa sehemu kubwa, una tindikali na upungufu wa fosforasi, kwa hiyo kinachoamua mavuno ni samadi iliyooza vizuri na majivu kidogo, na vyote hivyo havipatikani kwa wingi nyumbani. Utasema kibanja, yaani shamba la migomba linalozunguka nyumba, kina nafasi tele. Kweli, lakini kivuli kizito cha migomba hudhoofisha mboga, na kiangazi cha Juni hadi Agosti hudai maji kila jioni. Sia mchicha vuli inapoanza, Septemba. Baada ya wiki 4 hivi utachuma.