Kupiga Picha Mahali Penye Theluji

Theluji ya Kibo huonekana nyeupe sana inapopigwa na jua. Hata hivyo, mtu aliyepanda hadi kilele cha Uhuru, mita 5895 juu ya usawa wa bahari, huweza kurudi nyumbani na picha ambazo theluji yake ni ya kijivu kama jivu la jikoni. Kamera yake si mbovu. Kwa nini basi picha haifanani na mlima wenyewe?

Jaribio

Vifaa: karatasi kubwa nyeupe na kitambaa cheusi chenye ukubwa huo huo.

1. Siku ya jua, funga madirisha ya darasa. Acha nafasi moja ya kupitisha mwanga.
2. Tandika kitambaa cheusi sakafuni pale mwanga unapoangukia. Tazama ukuta ulio karibu.
3. Ondoa kitambaa, uweke karatasi mahali pale pale. Tazama ukuta tena.

Umeona nini? Ukuta umeng'aa zaidi ulipoweka karatasi. Kitu cheupe hurudisha mwanga mwingi. Kitu cheusi hunyonya mwanga mwingi na kurudisha kidogo.

Kamera hupima mwanga

Picha hutokea mwanga unapopita katika lenzi na kufika kwenye filamu, au kwenye kipokea mwanga cha kamera za siku hizi. Mwanga ukizidi, picha huwa nyeupe mno. Ukipungua, picha huwa na giza. Kwa sababu hiyo kamera nyingi zina kipima mwanga.

Kipima mwanga hakijui kama kinatazama theluji au makaa. Kimetengenezwa kana kwamba vitu vilivyo mbele yake, kwa wastani, hurudisha sehemu 18 hivi katika kila sehemu 100 za mwanga. Hiyo ni rangi ya kijivu. Lakini theluji mpya hurudisha sehemu 80 au zaidi. Basi kamera hupunguza mwanga kupita kiasi. Theluji hugeuka kijivu, na mtu aliyesimama mbele yake huwa mweusi hata uso wake usitambulikane.

Namna ya kusahihisha

Ongeza mwanga. Kamera ikionyesha 1/500 ya sekunde, tumia 1/250. Mwanga utakuwa mara mbili. Ukitumia 1/125, utakuwa mara nne. Usizidishe, kwani theluji itakuwa nyeupe tupu, bila nyufa wala vivuli vyake. Penye theluji ing'aayo na miamba iliyo kivulini, ni vigumu vyote viwili kuonekana vizuri katika picha moja. Chagua kilicho muhimu zaidi.

Faida ya picha sahihi

Kati ya mwaka 1912 na 2007, asilimia 85 ya eneo la barafu la Kilimanjaro ilitoweka. Wataalamu hulinganisha picha za miaka mbalimbali ili kujua barafu inaishia wapi. Picha isiyo sahihi huweza kuficha mpaka kati ya barafu na mwamba.

Maswali

1. Kwa nini theluji huonekana ya kijivu katika baadhi ya picha?
2. Kamera imeonyesha 1/250 ya sekunde. Utatumia kipimo gani ili mwanga uwe mara mbili?
3. Ng'ombe mweusi amejaza picha nzima. Je, utaongeza mwanga au utaupunguza? Eleza sababu.