Kukata Nyasi na Uhai wa Mimea ya Porini

Ni dhana iliyoenea kwamba mimea ya porini huangamia popote binadamu anapoigusa, na kwamba hustawi popote inapoachwa peke yake. Uchunguzi wa kisayansi waonyesha kuwa jambo lenyewe si jepesi hivyo. Mbuga ikatwayo nyasi yaweza kuwa na aina nyingi za mimea kuliko ile isiyokatwa kabisa. Na mbuga ionekanayo nzima yaweza kuwa inafilisika chini ya udongo. Katika makala haya tutaeleza sababu zake, kisha tutazitumia kuyatazama maua ya uwanda wa Kitulo, katika Nyanda za Juu za Kusini mwa Tanzania.

Mmea huweka wapi akiba yake?

Nyasi nyingi huchipuza kutoka shinani, karibu na udongo. Mundu au jino la ng'ombe huondoa majani ya juu tu. Sehemu inayochipuza husalia salama, na baada ya siku chache majani mapya hutokea. Mmea unaokulia kwenye ncha ya shina hauna bahati hiyo, kwani ukikatwa ncha hauna budi kuanza upya kwa machipukizi ya pembeni. Mimea ya kundi la tatu huhifadhi chakula katika viazi, vitunguu au mizizi minene iliyo ardhini. Hiyo yaweza kupoteza majani yake yote, hata kwa moto wa kiangazi, na bado ikachipua mvua zinyeshapo.

Juu ya ardhi nako kuna mashindano ya kugombea mwanga wa jua. Nyasi ndefu zikiachwa huitia kivuli mimea mifupi, nayo hushindwa kujitengenezea chakula. Kuzikata hupunguza nguvu ya wenye nguvu na kuwapa wanyonge nafasi. Hata hivyo, wakati wa kukata ni jambo la maana sana. Mmea uishio mwaka mmoja ukikatwa kila mara kabla ya mbegu zake kukomaa, hutoweka mahali hapo mara mbegu za zamani zilizomo udongoni zinapokwisha.

Jaribio lililoanza mwaka 1856

Mfano mashuhuri wa jambo hili uko Rothamsted, nchini Uingereza. Mwaka 1856 John Bennet Lawes na Joseph Henry Gilbert walianzisha jaribio katika uwanja wa majani uitwao Park Grass, nalo laendelea hadi leo. Majani hukatwa mara mbili kwa mwaka: katikati ya Juni, na tena kabla ya majira ya baridi kuingia. Vipande visivyotiwa mbolea vina aina zipatazo 40 za mimea. Lakini vile vilivyotiwa mbolea nyingi ya salfeti ya amonia bila chokaa vimebakiwa na aina mbili tatu tu. Ukataji ni uleule, bali matokeo ni mbalimbali. Mbolea hiyo ilizidisha asidi ya udongo na kuzipa nguvu nyasi chache, zikazisonga nyingine. Hivyo si kila badiliko kubwa huletwa na mundu.

Funzo kwa Kitulo

Uwanda wa Kitulo uko kiasi cha mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, na ulifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005. Una aina zaidi ya 350 za mimea, zikiwamo okidi zipatazo 45, ambazo nyingi huota ardhini. Okidi hizi kwa kawaida huwa na viazi viwili: kimoja kikuukuu, kilicholisha ua la mwaka huu, na kingine kipya, kilichowekwa kwa ajili ya mwaka ujao.

Viazi hivyo husagwa na kuchanganywa na karanga kupikia chakula kiitwacho chikanda nchini Zambia. Utafiti wa Tim Davenport na Henry Ndangalasi, uliochapishwa mwaka 2003, ulionyesha kuwa biashara hiyo ilikuwa ikiongezeka upesi katika Nyanda za Juu za Kusini. Hapa ndipo tofauti ilipo: akataye majani huchukua faida, lakini achimbaye kiazi kipya huchukua mtaji wenyewe. Tena hasara hiyo si rahisi kufidiwa, maana mbegu ya okidi ni ndogo kama vumbi, haina akiba ya chakula, na haioti ila ikisaidiwa na kuvu maalumu wa udongoni. Mchimbaji naye ana watoto wa kulisha; kwa hiyo katazo pekee halitoshi, bila utafiti wa namna ya kuzilima okidi hizo na bila mapato mengine vijijini.

Jaribio la shuleni

Walimu wanaweza kuonyesha kanuni hii katika uwanja wa shule. Pimeni miraba mitatu ya mita moja kila upande, mwiweke mambo na kamba. Wa kwanza ukatwe kila baada ya wiki mbili; wa pili ukatwe mara moja tu, mbegu zikisha kudondoka; wa tatu usikatwe. Hesabuni aina za mimea na idadi ya mashina kabla ya kuanza, na tena kila mvua zinapokwisha, kwa miaka miwili au zaidi. Wanafunzi waandike pia ni mimea gani imepungua, kisha waeleze kila mmoja huweka wapi akiba yake.