Kufa na kupona, pupa na mbiombio: maswali kutoka Uvira

Wasomaji wa Uvira wanauliza: mtu akifanya jambo kwa nguvu zote, roho juu, tunamwelezaje? Mwalimu wetu wa lugha anajibu.

Mwalimu, "kufa na kupona" na "kwa pupa" si kitu kimoja?

Hapana, na wanaochanganya ni wengi, hasa sisi tuliosomea Kifaransa. "Kufa na kupona" hutaja hatari iliyopo: ukishindwa, umeangamia. Mwezi Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika na kubomoa nyumba mjini, watu walikimbia kufa na kupona. Ukiandika "walikimbia kwa pupa" umewatukana. Pupa ina tamaa ndani yake. Ni ya mtu anayenyakua asije akatanguliwa na mwenzake. Ndiyo maana wahenga wakasema mwenye pupa hadiriki kula tamu. Tazama ndagala walioanikwa ufuoni. Wingu likishuka kutoka milimani, mama huwazoa mbiombio na kuwatumbukiza kwenye beseni, mchanga humohumo. Hana pupa huyo, samaki ni wake. Pupa utaiona alfajiri mitumbwi inapofika na wachuuzi kugombania beseni la kwanza.

Mbona kwetu "mbio" peke yake haishtui mtu?

Imezoeleka mno. Anayekuambia "fanya mbio" anakuhimiza tu, pengine huku amekaa. Ndipo tunairudia: mbiombio. Sokoni wengine huitamka mara tatu. Kamusi haina hiyo, ila mimi naipenda.

Na "kwa udi na uvumba"?

Huo umetoka pwani, kwenye moshi wa manukato. Kiswahili chenyewe kilifika kaskazini mwa Ziwa Tanganyika na misafara ya karne ya 19 iliyopitia Ujiji. Msemo huu una bidii ya muda mrefu, ya mtu asiyekata tamaa, wala si ya mtu anayetweta. Mzazi hutafuta ada ya shule kwa udi na uvumba; mafuriko hayakimbiwi kwa udi na uvumba.

Natunga tangazo la kuwahamisha watu wanaoishi kando ya mto. Nitumie lipi?

Usitumie hata moja. "Kimbieni kufa na kupona" itazua mkanyagano. Andika "hameni upesi", kisha taja waende wapi na wapite njia ipi.